Tope la kamyo ndogo si aibu: mafundi waliweke, lakini waliweke kwa akili

BUTEMBO (Kivu ya Kaskazini) – Kuna mabishano yanayorudi kila mara kijana anapopanga kamyo zake ndogo kando ya barabara, zile za mti mwepesi, za mikebe na za waya. Mnunuzi wa kwanza anataka kamyo inayong'aa, yenye rangi mpya na magurudumu meusi safi. Wa pili anachukua ile yenye matope mpaka kwenye madirisha, anaizungusha mkononi, anacheka na kusema: «Hii imetoka Mambasa.» Wa tatu anakasirika: «Sisi tunaishi ndani ya matope, na nyinyi mnatuuzia matope tena?»

Jambo linaonekana dogo, kama mchezo wa watoto tu. Lakini ndani yake mna mambo matatu ya maana: mkate wa kijana anayeishi kwa kazi ya mikono, heshima ya mashofere, na namna wakaaji wanavyokubali kutazama barabara zao. Kwa hiyo linastahili kujibiwa wazi. Jibu ni hili: fundi wa kamyo ndogo aliweke tope, asilifiche. Ila aliweke kama mtu anayejua barabara. Tope lililopakwa ovyo ni uchafu, na linashusha kazi yake mwenyewe.

Watoto wa Afrika wametengeneza magari madogo tangu zamani. Malawi wanayaita galimoto. Huku Kivu mtoto anachonga mti laini, anakunja bati la mkebe wa maziwa au wa sardini, anakata soli ya sandali iliyochakaa kuwa magurudumu, na anavuta kazi yake kwa kamba hadi shuleni. Hakuna aliyemfundisha. Alitazama kamyo zikipita, akahesabu ekseli, akaona jinsi turubai linavyofungwa, akakumbuka maneno yaliyoandikwa mbele ya kioo. Wengine wanakua na kuacha. Wachache wanaendelea mpaka wanakuwa mafundi, na kamyo zao zinanunuliwa na wageni, na wakaaji walio ng'ambo wakija kutembea, na hata mashofere wenyewe wanaotaka kuweka nyumbani sura ya gari lililowalisha.

Kwa upande mwingine wa dunia, kazi hiyo hiyo ni burudani ya watu wazima wenye mishahara. Kampuni ya Tamiya, iliyo Shizuoka huko Japani, na ile ya Italeri ya Italia, zinauza vipande vya plastiki vya kuunganisha magari kwa kipimo cha 1/24, yaani gari dogo mara 24 kuliko lile la kweli. Zamani watu wengi waliridhika na gari safi kama limetoka kiwandani. Katika miaka ya 1970 na 1980, Mbelgiji François Verlinden alikuwa kati ya waliowafundisha wengi kulizeesha gari dogo: kuingiza rangi nyembamba ya maji ndani ya mikunjo, na kupitisha burashi karibu kavu juu ya kingo ili zionekane zimechubuka. Leo ni biashara kubwa. Kampuni kama AMMO, iliyoanzishwa na Mhispania Mig Jiménez, inauza vumbi, kutu na matope ndani ya vichupa. Tope kavu lina kichupa chake, na tope bichi lina chake.

Waswahili walisema penye miti hapana wajenzi. Mtu wa Ulaya ambaye hajawahi kulala njiani kwa sababu ya mvua anatoa pesa yake kununua tope la kichupa. Kijana wa Butembo, anayelikanyaga kila asubuhi, analifuta kwenye kamyo yake kabla mnunuzi hajafika, kwa kuona haya. Hapo ndipo kosa linapoanza.

Hoja ya wale wanaoona haya isidharauliwe, maana ina uzito. Wanasema kwamba picha za Kongo zinazozunguka dunia zimejaa shida: kamyo iliyozama, watu wanaosukuma, mama mwenye mzigo mgongoni ndani ya matope mpaka magotini. Mgeni akinunua kamyo yenye matope na kuiweka juu ya meza yake, si ananunua umaskini ili aucheke? Na mtoto anayekua akiona tope hata kwenye kitu cha kuchezea, si atazoea kwamba ndivyo inavyopaswa kuwa?

Lakini tazama kamyo yenyewe inasema nini. Kongo ina barabara za zaidi ya kilometa 150 000, na zenye lami ni kama kilometa 3 000 tu. Sehemu kubwa ya chumvi, mafuta, simenti na nguo zinazouzwa sokoni zimepita katika udongo. Shofere anayetoka Kisangani kwa RN4, akipita Bafwasende, Niania na Mambasa, anabeba tope la kila mahali alipokwama. Konvwayeri wake ameshuka mara nyingi kuchimba kwa koleo, kuweka magogo chini ya magurudumu, kulala chini ya gari wakati mvua inanyesha. Tope lile ni alama ya kazi iliyofanywa. Ukiliosha kwenye kamyo ndogo, aibu haiondoki, maana barabara ingali pale pale. Kinachoondoka ni kazi ya mtu aliyeileta mizigo.

Mzee anayerudi kutoka shambani haoni haya ya udongo kwenye jembe lake. Anayepaswa kuona haya kwa ajili ya tope la RN4 si kijana aliyelichonga, wala shofere aliyelipita. Ni wale wanaopokea malipo ya barabara kwenye vizuizi na kuiacha barabara ife.

Hata hivyo, wakosoaji wana haki kwa jambo moja. Kamyo nyingi zenye matope zinazoonekana sokoni zimefanywa vibaya. Fundi amechovya kidole katika tope, akapaka kila mahali, juu ya paa sawa na chini ya magurudumu. Kamyo ya namna hiyo haitoki Mambasa wala Kasindi. Imeanguka ndani ya shimo tu. Mnunuzi akiiona anahisi kuchekwa, na ana sababu. Kwa hiyo kutetea tope ni pia kudai ufundi.

Jambo la kwanza ni mahali. Tope lina njia zake. Gurudumu linalirusha nyuma na juu, kwa hiyo linajaa chini ya mabawa ya magurudumu, nyuma ya kila gurudumu, kwenye tangi la mafuta na chini ya karoseri. Kati ya magurudumu pacha ya nyuma linabanwa mpaka linakuwa kama tofali. Mbele kuna matone yaliyorushwa na gari lingine mlipopishana. Mlango wa nyuma unashika vumbi zaidi kuliko ubavu, kwa sababu upepo unaozunguka nyuma ya gari linalokimbia unalivuta pale. Paa lina vumbi, halina tope, isipokuwa gari limepinduka. Sehemu ya mpira inayokanyaga chini inajisafisha, na tope linabaki ndani ya meno yake. Kioo cha mbele kina nusu duara mbili safi zilizofutwa na waipa. Kishikio cha mlango kinang'aa kwa ajili ya mikono, ngazi ina alama za viatu, na chini ya mfuniko wa tangi kuna doa jeusi pale mafuta yalipomwagika juu ya vumbi. Fundi akiweka mambo hayo tu, hata bila tope jingi, shofere atalitambua gari lake.

Jambo la pili ni kipimo, na hapo wengi wanaanguka. Kamyo ya meta 8 ikifanywa ndogo mara 20 inakuwa na sentimeta 40. Lakini udongo haukujipunguza pamoja nayo. Punje moja ya mchanga yenye milimeta 1 juu ya kamyo ile ni sawa na jiwe la sentimeta 2 juu ya kamyo ya kweli. Punje ya milimeta 5 ni jiwe la kujaza ngumi. Ndiyo maana tope lililochotwa mtaroni na kupakwa moja kwa moja linaonekana kama kokoto zilizoganda. Udongo ukaushwe, utwangwe, kisha upitishwe kwenye kitambaa chepesi au soksi kuukuu ya nailoni, ubaki unga kama wa muhogo.

Jambo la tatu ni wakati. Safari ya kamyo si ya siku moja. Chini kuna vumbi la zamani, jepesi na lililopauka. Juu yake kuna tope la juzi, limekauka na kupasuka, hasa kama gari lilisimamishwa muda mrefu kwenye kizuizi cha mvua. Juu kabisa kuna tope la leo, jeusi kidogo na lenye kung'aa. Tope bichi daima ni jeusi kuliko lile kavu, hata likitoka kwenye shimo moja. Fundi anayetumia rangi moja kwa yote matatu amesimulia safari isiyo na siku.

Jambo la nne, lililo zuri kuliko yote, ni rangi ya mahali. Vumbi la Goma ni jeusi, kwa kuwa mji umekaa juu ya mawe ya Nyiragongo, volkano iliyotema moto mjini tarehe 17 Januari 2002 na tena ikafika ukingoni mwa mji tarehe 22 Mei 2021. Njia ya msituni ina udongo mwekundu wenye chuma, unaoshika nguo na hautoki. Kamyo iliyotoka Goma kupitia Rutshuru, Kanyabayonga na Lubero inaweza kubeba vumbi jeusi chini na udongo mwekundu juu. Mtu anayejua kusoma hayo anajua gari limetoka wapi bila kuuliza shofere. Hakuna kichupa cha Ulaya kinachoandikwa jina la Kanyabayonga. Hilo ndilo jambo ambalo fundi wa hapa analo, na fundi wa Shizuoka hana.

Kwa upande wa kazi yenyewe, vifaa havihitaji dolari nyingi. Udongo ulioungwa unakaangwa kwanza ndani ya sufuria kuukuu ili wadudu na mbegu zife. Unachanganywa na kole nyeupe ya maseremala na maji kidogo. Unga wa mbao au majani makavu yaliyokatwa vidogo sana yanaupa mwili. Rangi ya mafuta iliyo laini haishiki tope, kwa hiyo inaguswa kwanza kwa msasa. Safu ya kwanza inaachwa ikauke vizuri mbele ya kuweka ya pili. Matone yanarushwa kwa mswaki wa zamani, kidole gumba kikivuta nywele zake. Vanishi inawekwa mwishoni, na pale tu ambapo tope linapaswa kuwa bichi. Fundi anayepaka vanishi gari zima ameliosha upya.

Kuna mambo ya kukataza pia, na hapa hakuna mchezo. Vijana wengine wanavunja mabetri ya redio na kutumia unga mweusi wa ndani kama rangi. Wengine wanapaka mafuta yaliyomwagwa kutoka injini ili tope ling'ae. Wengine wanachota udongo mahali dhahabu inaposafishwa, ambapo zebaki hutumiwa. Vitu hivyo vina sumu. Mtoto wa miaka 3 anatia kila kitu mdomoni, na kamyo ni kitu cha kwanza. Makaa yaliyotwangwa yanatoa weusi mzuri, na vanishi ya kawaida inang'aa kuliko mafuta ya injini. Hata hivyo, kamyo ya mtoto mdogo ni heri iachwe bila unga wowote unaobanduka. Atalitafuta tope mwenyewe siku ya kwanza, na litakuwa la kweli kuliko la fundi.

Tena kuna mtego kwa wale wanaouzia wasafiri. Inchi za Umoja wa Ulaya zinakataza kuingiza udongo kutoka inchi nyingi za nje, kwa kuogopa magonjwa ya mimea, na Marekani inadai ruhusa maalum. Kamyo nzuri inaweza kunyang'anywa uwanja wa ndege kwa ajili ya kijiko kimoja cha tope la Butembo. Lakini dawa ipo karibu: tofali lililochomwa. Vipande vyake vikitwangwa vinatoa unga mwekundu unaofanana na barabara, na hiyo si ardhi tena, imepita motoni. Ukichanganywa na majivu au makaa unapata rangi nyingine. Fundi anayempa mnunuzi kamyo ya kusafiri anapaswa kumwambia wazi imewekwa nini.

Sasa tuje kwenye bei, maana ndipo maneno mazuri yanapojulikana kama ni ya kweli. Mnunuzi akiona tope anasema: «Ni chafu, punguza.» Kijana anapunguza, kwa sababu hata yeye anaamini ni chafu. Hapo siku mbili za kukausha safu juu ya safu zinakwenda bure, na kesho yake ataona heri apake rangi nyekundu na kumaliza. Mnunuzi huyo huyo akiingia duka la Brussels atalipa zaidi kwa gari lililozeeshwa na mkono wa mtu kuliko kwa lile lililo safi, na hatasema ni chafu. Anayeipenda kamyo ya Mambasa ailipe kama kazi ya siku mbili. Na fundi ajifunze kueleza: hii ni RN4, hili ni tope la juzi, hapa ndipo konvwayeri alipokanyaga. Mnunuzi akielezwa hivyo anaelewa kinacholipiwa, na ni vigumu kwake kukiita uchafu.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto anayekaa kwenye kilima akitazama kamyo inavyopanda kwa shida hapotezi wakati. Anajifunza kutazama, kupima na kukumbuka, na hayo ndiyo yanayofanya fundi wa magari, mchoraji na mjenzi. Walimu wa kazi za mikono wangeweza kutumia kamyo ile kufundisha hesabu ya vipimo, udongo wa jimbo na ramani ya barabara kuu. Darasa moja lingeweza kuleta udongo wa kila kartie, kuukausha na kuulinganisha. Hakuna pesa inayohitajika, isipokuwa ya kole.

Wale wanaosema tope linamzoesha mtoto shida wajiulize jambo moja. Mtoto anayechonga kamyo na kuweka tope mahali pake halisi amekwisha kuona kwamba barabara ni mbaya, na ameona ni wapi hasa. Anajua gurudumu lilizama mpaka kitovu. Anajua magogo yaliwekwa wapi. Mtu aliyeona kwa undani namna hiyo hadanganywi kirahisi na ahadi za wakati wa uchaguzi. Anayelelewa na kamyo zinazong'aa tu, huku nje mvua inakata njia, ndiye anayefundishwa kutoona.

Basi mafundi wasifiche tope, na wasilitupe ovyo. Waulize mashofere, watazame chini ya mabawa ya magurudumu kwenye parking, wachote udongo wa kila barabara na kuuandika jina. Wanunuzi waache kudai ufagio. Na wenye mamlaka wanaoudhika kuona barabara zao juu ya meza ya sebule wana njia moja nzuri ya kulimaliza tope hilo: watie lami kati ya Komanda na Kisangani. Siku hiyo watoto wa kando ya njia wataona kamyo safi zikipita, na watazichonga zikiwa safi, bila mtu kuwaagiza.